Kuifuata kura yako kutoka debeni hadi tangazo la mwisho: mwongozo wa Fomu 34A

Kila uchaguzi mkuu ukiisha, Wakenya huanza kubishana kuhusu seva. Iko wapi, nani ana nywila, nani aliifungua usiku wa manane. Ubishi huo hauishi kwa kuwa hakuna mwananchi awezaye kuichungulia seva akaona kilichomo. Lakini kura ya urais nchini Kenya haihesabiwi ndani ya seva. Huhesabiwa kwa mikono usiku, mara nyingi katika darasa la shule ya msingi, matokeo yakaandikwa kwenye karatasi iitwayo Fomu 34A, na nakala ya karatasi hiyo ikabandikwa mlangoni kwa kila mtu kuisoma. Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229, kila kimoja na fomu yake. Mwongozo huu unamlenga mtu asiye wakala, mwangalizi wala mwanahabari, anayetaka kuifuata fomu moja tu kati ya hizo: ya kituo alichopigia kura.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Muda upo.

Kwa nini karatasi hii ina uzito

Desemba 2007 matokeo yalisomwa Nairobi, na mtu wa Kisii au Kilifi hakuwa na njia ya kujua kama nambari iliyosomwa ndiyo iliyoandikwa kituoni kwake. Yaliyofuata tunayajua: zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Tume ya Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini ilipochunguza uchaguzi ule, ilikuta hesabu zimevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kusema ni nani hasa aliyeshinda.

Mabadiliko makubwa yalitoka kortini. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi iliyoanzishwa na wanaharakati Maina Kiai, Khelef Khalifa na Tirop Kitur. Iliamua kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na makao makuu ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Kisha, Septemba 1 mwaka huohuo, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais kwa majaji 4 dhidi ya 2. Fomu zilikuwa kiini cha kesi hiyo: mshindi alitangazwa Agosti 11 ilhali fomu 34A zaidi ya 10,000 zilikuwa bado hazijafika, na baadhi ya fomu za maeneo bunge hazikuwa na alama za usalama.

Ndipo mwaka 2022 IEBC ikaweka picha za fomu 34A kwenye tovuti yake ya umma, na mtu yeyote mwenye bando aliweza kuzipakua na kujijumlishia. Kwa maoni yangu hilo limefanya kazi kubwa zaidi ya kurudisha imani kuliko mashine zote za kusoma vidole tulizonunua tangu 2013. Mashine inakuambia nani aliingia kituoni. Fomu inakuambia debe lilisema nini.

Hatua ya 1: Jua mkondo wako, si shule yako tu

Watu wengi wakiulizwa wanapiga kura wapi hutaja shule. Hilo halitoshi. Sheria inaweka wapiga kura wasiozidi 700 katika kituo kimoja, kwa hiyo shule yenye watu 1,900 hugawanywa mikondo mitatu kwa kufuata herufi za majina, na kila mkondo una debe lake, maafisa wake na Fomu 34A yake. Ukiangalia fomu ya mkondo wa 1 ilhali wewe ulipiga katika mkondo wa 3, umefuata kura za majirani zako.

Baada ya kujisajili au kuhamisha kura, hakiki jina lako wakati tume inapofungua sajili kwa ukaguzi. Andika mambo mawili: nambari ya mkondo, na msimbo wa kituo. Msimbo ni mrefu kidogo, ila una mpangilio: huanza na nambari ya kaunti (Mombasa ni 001, Nairobi 047), kisha eneo bunge, kisha wadi, kisha kituo, na tarakimu za mwisho ndizo za mkondo. Uweke kwenye simu. Baadaye utakuwa ufunguo wako wa kutambua fomu halisi na ya kughushi.

Kuna watakaosema hawajisajili kwa kuwa “wataiba tu”. Ni wengi, na idadi ya waliojitokeza inaonyesha hivyo: karibu asilimia 80 Agosti 2017, kisha takribani asilimia 65 mwaka 2022. Katika marudio ya Oktoba 2017, yaliyosusiwa na upinzani, waliofika hawakufikia hata asilimia 40. Mimi simlaumu mtu aliyekata tamaa. Ila anayeniambia kura yake iliibwa, swali langu la kwanza huwa ni moja: mkondo wako ulitoa ngapi? Ni wachache mno waliowahi kunijibu kwa nambari.

Hatua ya 2: Siku ya kupiga kura

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ukiwa kwenye foleni saa kumi na moja inapogonga, una haki ya kupiga kura hata kama foleni itaisha saa mbili usiku. Usikubali kuambiwa urudi nyumbani.

Ndani, karani atakutambua kwa mashine ya KIEMS, kifaa cha tume cha kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, kwa alama ya kidole au kitambulisho. Mashine hiyo huhesabu watu iliowatambua, na hesabu hiyo itakufaa baadaye. Utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi. Kwa kuwa kila mtu hupewa zote sita, idadi ya kura za rais na za gavana katika mkondo mmoja haifai kupishana sana. Wapiga kura wa magerezani na wa ng'ambo ndio pekee wanaopigia urais tu. Mwaka 2022 kura za ng'ambo zilipigwa katika nchi 12, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Qatar na Milki za Kiarabu.

Weka alama moja, mahali pamoja, kisha toka. Usipige picha karatasi yako, hata kama kuna mtu anayekuahidi “kitu kidogo” ukimwonyesha. Siri ya kura ndiyo inayokulinda na mtu huyohuyo.

Kabla ya kuondoka, tazama kama mawakala wa vyama wapo. Hili vyama havipendi kulisikia, lakini sehemu ya “wizi” unaolalamikiwa huanzia kwenye kiti kisicho na mtu. Chama hakikuweka wakala, au kilimweka bila kumlipa wala kumpa hata chai, naye saa tano usiku akaenda zake kulala. Kama wewe ni mwanachama, nenda tawini wiki mbili kabla ya kura uulize: wakala wetu wa mkondo wa 2 ni nani, na wa kumpokea zamu ni nani? Wakikosa jibu, hapo ndipo pa kupigia kelele.

Hatua ya 3: Usiku wa kuhesabu

Mpiga kura wa kawaida haruhusiwi kubaki ndani wakati wa kuhesabu. Wanaobaki ni maafisa wa tume, wagombea au mawakala wao, waangalizi na wanahabari wenye vibali, na polisi. Ni vizuri hata hivyo ujue kinachoendelea, ili wakala akikueleza uweze kumwelewa.

Kura za urais ndizo za kwanza kuhesabiwa. Debe hufunguliwa mbele ya wote, kila karatasi huinuliwa, jina la aliyechaguliwa husomwa kwa sauti, na mawakala huonyeshwa. Karatasi yenye alama kwa wagombea wawili hukataliwa. Yenye alama iliyokaa vibaya kidogo, ila nia ya mpiga kura inaonekana wazi, haikataliwi kwa sababu hiyo tu. Wakala asiyeridhika anaweza kudai kura zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili. Akikataa kutia sahihi, anatakiwa kuandika sababu zake. Kukosekana kwa sahihi yake peke yake hakubatilishi matokeo, na sheria imesema hivyo kwa makusudi, maana vinginevyo chama kinachoona kimeshindwa kingewaambia tu mawakala wake wasitie sahihi popote.

Afisa msimamizi wa kituo akishajaza fomu, huipiga picha kwa mashine ya KIEMS na kuituma, huwapa mawakala nakala, na hubandika nyingine mahali pa wazi, kwa kawaida mlangoni. Fomu asilia huisafirisha mwenyewe hadi kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge.

Hatua ya 4: Nenda mlangoni mapema

Nenda alfajiri. Mvua hulowesha, upepo hung'oa, na wapo wapenzi wa mgombea aliyeshindwa ambao huichana. Usipoiona, uliza kwa adabu. Wasimamizi wengi ni walimu, na wamekesha: “Mwalimu, pole kwa kazi. Fomu ya urais ya mkondo wa 2 mmeibandika wapi?” Kama waliobaki ni polisi tu wanaolinda masanduku, mwambie afande unataka kusoma karatasi ya mlangoni na si kuingia ndani.

Simama usawa wa karatasi, pembe zake zote nne zionekane, na mwanga usimetemete juu ya nambari. Piga picha ya pili kutoka mbali kidogo ili mlango na jina la darasa lionekane. Usiikate wala kuing'arisha kwa programu yoyote. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama faili badala ya picha, kwa sababu picha za kawaida hupunguzwa ukubwa na 3 ikaanza kufanana na 8. Ile ya asili ibaki kwenye simu yako.

Hatua ya 5: Isome fomu kama mtunza hesabu

Hapa usiharakishe. Chukua mfano wa mkondo wenye wapiga kura 612 waliosajiliwa. Fomu inaonyesha mgombea wa kwanza kura 287, wa pili 143, wa tatu 4, wa nne 2. Kura halali 436. Zilizokataliwa 5.

Jumlisha kura za wagombea kwanza: 287, 143, 4 na 2 zinaleta 436. Sawa. Ongeza zilizokataliwa: 441. Hii ndiyo idadi ya karatasi zilizotoka kwenye debe la urais, na ni lazima isizidi 612. Pia haifai kuzidi idadi ya watu waliotambuliwa kituoni. Kama wakala ana nambari hiyo, iandike kando.

Sasa tuseme fomu nyingine inayozunguka mitandaoni inadai mgombea wa pili alipata 134, huku kura halali zikiandikwa 436 vilevile. Jumla ya wagombea inakuwa 427. Tofauti ni 9. Watunza hesabu wa zamani wanaijua dalili hii: tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi huwa ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Msimamizi aliyekesha saa ishirini ameandika 134 akiwaza 143. Hilo ni kosa, lakini jumla yenyewe inalifichua, na nakala za mawakala hulirekebisha.

Kosa la mtu mwenye nia ni la namna nyingine. Akitaka kugeuza 287 kuwa 387, hawezi kuishia hapo. Lazima kura halali zigeuke kutoka 436 kuwa 536. Jumla ya karatasi sasa ni 541 kati ya 612, yaani waliojitokeza wameruka kutoka asilimia 72 hadi 88. Ukienda kwenye fomu ya gavana ya mkondo huohuo, ambayo ni 37A, unakuta karatasi 439. Watu mia moja walipokea karatasi sita wakatumbukiza moja tu? Hata kama angeweza kuibadilisha na hiyo, nakala za mawakala ziko mifukoni mwao, na picha ya mlango iko kwenye simu za watu. Ndiyo maana mtu mmoja kupiga picha moja ni jambo dogo lenye maana kubwa: kila nakala ya ziada humwongezea kazi mwenye kutaka kuchezea nambari.

Baada ya nambari, tazama msimbo wa kituo, sahihi ya msimamizi, sahihi za mawakala, muhuri, na sehemu ya maoni. Maoni watu huyaruka, lakini hapo ndipo utakuta maelezo kama vile mashine kuzimika au wakala fulani kuondoka mapema.

Hatua ya 6: Linganisha mlango na tovuti

Ingia kwenye tovuti ya fomu ya IEBC. Utachagua kaunti, eneo bunge, wadi, kituo, kisha mkondo. Usifanye hivyo saa mbili usiku halafu ukaanza kulia kwamba fomu “imefichwa”. Kituo kisicho na mtandao mzuri hutuma pale msimamizi anapofika penye mawimbi, na fomu nyingine hutumwa tena kwa kuwa picha ya kwanza ilikuwa na ukungu.

Weka picha mbili kando kwa kando. Mwandiko ni uleule? Sahihi ziko palepale? Nambari zinalingana? Ukiona zinalingana, umefanya ambacho Wakenya wa 2007 hawakuwa na njia ya kukifanya. Katika kesi ya 2022 ya kupinga matokeo ya urais, Mahakama ya Juu iliagiza ukaguzi, na haikupata tofauti kubwa kati ya fomu za tovutini na nakala asilia. Lakini ukaguzi wa mahakama huwa wa vituo vilivyochaguliwa. Chako huenda hakikuwemo.

Hatua ya 7: Tafuta mstari wako kwenye Fomu 34B

Fomu 34A zote za eneo bunge moja huandikwa mstari kwa mstari kwenye Fomu 34B, na Fomu 34B za maeneo bunge 290, pamoja na za ng'ambo, hujumlishwa kwenye Fomu 34C kabla mwenyekiti wa tume hajatangaza mshindi. Kazi yako hapa ni nyepesi: tafuta mstari wa mkondo wako kwenye 34B, linganisha nambari zako. Ukiwa na marafiki watano wa wadi moja, kila mmoja na mkondo wake, mtakuwa mmekagua sehemu nzuri ya ukurasa mmoja kabla ya chakula cha mchana.

Hapa ndipo pa kuchunga zaidi kuliko kwingine, kwa sababu hesabu imetoka mikononi mwa watu waliohesabu na kuingia mikononi mwa watu wanaonakili.

Kuhusu asilimia: kisa cha 0.01

Agosti 2022 mwenyekiti Wafula Chebukati alitangaza William Ruto amepata kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969 na David Waihiga Mwaure 31,987. Kwa asilimia: 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Zijumlishe na utapata 100.01.

Makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa hiyo 0.01. Walisema ziada hiyo ni kama kura 142,000. Chukua kikokotoo. Kura za wagombea wote wanne ni 14,213,027. Asilimia 1 yake ni karibu 142,000. Asilimia 0.01 ni takribani 1,421. Na hata hizo 1,421 hazipo, kwa kuwa 0.01 ilitokana na kukadiria: kura za Mwaure ni asilimia 0.225 na kidogo, zikapandishwa kuwa 0.23, za Wajackoyah ni 0.436, zikawa 0.44. Kura zenyewe hazikuongezeka hata moja.

Mgawanyiko ndani ya tume ulikuwa na mambo mengine, na si nia yangu kuyamaliza hapa. Ila nchi nzima ilikaa siku kadhaa ikiogopa nambari ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi angeimaliza kwa dakika tano. Kwa hiyo mtu akikupa asilimia, mwombe kura. Na ukipiga asilimia mwenyewe, gawanya kwa kura halali tu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika hesabu ya asilimia 50 na kura moja. Kumbuka pia sharti la pili: angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47.

Ukikuta kasoro

Kwanza ipime. Muhuri uliofifia, sahihi ya wakala mmoja kukosekana, jumla iliyokosewa kwa kura mbili: hizi ni kasoro, na ziandikwe, lakini hazimaanishi mtu ameiba. Kitu cha kukusimamisha ni fomu ya mlangoni kutofautiana na ya tovutini, au 34A kutofautiana na mstari wake kwenye 34B.

Ukikuta hilo, usianzie mtandaoni. Mpigie wakala wa mgombea yeyote wa kituo hicho, ulinganishe na nakala yake. Mkikubaliana kwamba kuna tofauti, peleka kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge akiwa bado kwenye kituo cha kujumlishia, kwa maandishi, ukitaja msimbo wa kituo, nambari mbili zinazogongana na saa uliyopiga picha. Wajulishe pia waangalizi. Kundi la waangalizi wa humu nchini, ELOG, limekuwa likifanya hesabu sambamba kwa sampuli ya vituo, na mwaka 2022 makadirio yake yalikubaliana na tangazo la tume. Taarifa ya kituo kimoja iliyo na ushahidi ina thamani kwao.

Saa inakimbia. Kesi ya urais hufikishwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa mshindi, na mahakama ina siku 14 kuamua. Katiba inaruhusu mtu yeyote kuifungua, ingawa kwa gharama zake wengi huishia kuwa mashahidi katika kesi za wagombea. Ikifika huko, utahitaji hati ya kiapo, na picha ya simu itataka cheti kinachoeleza ilipigwa kwa kifaa gani na nani. Ndiyo sababu nilisisitiza usiichezee ile picha ya asili. Kwa viti vya gavana, seneta, mwakilishi wa kike na mbunge, muda wa kwenda kortini ni siku 28.

Fomu zinazotumwa WhatsApp

Utatumiwa nyingi. Kabla ya kusambaza, fanya haya: soma msimbo na uutafute tovutini; angalia kama waliosajiliwa wamezidi 700; jumlisha wagombea. Fomu iliyokatwa sehemu ya juu ili msimbo usionekane, ifute. Usimwambie shangazi aliyeituma kwamba ni mwongo. Mtumie ile ya tovutini yenye msimbo uleule, naye ataona mwenyewe.

Mazoezi kabla ya 2027

Usingoje uchaguzi mkuu kujifunza. Uchaguzi mdogo ukitangazwa karibu nawe, chagua mkondo mmoja uufuate. Kwa ubunge fomu ni 35A, kwa wadi ni 36A, na muundo ni uleule: wagombea, kura halali, zilizokataliwa, waliosajiliwa, sahihi. Waliojitokeza huwa wachache, wasimamizi hawana haraka sana, na unaweza kupita mikondo yote ya shule moja asubuhi moja. Beba kalamu, daftari, na chaja. Ukikuta fomu haijabandikwa, muulize msimamizi kwa nini, uandike jibu lake na saa.